Zote mbili zilimuuza Paul George, na zote mbili zikafika fainali

Fainali ya 2025 ya NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani, ilikuwa Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, ikaenda mechi zote saba, na ile ya saba kwa saa zetu ilianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, ule wakati ambao Lamu nzima imelala isipokuwa paka na sisi wachache tunaoangalia simu chini ya shuka tukiomba bando isikatike. Oklahoma wakachukua kombe. Sawa. Lakini kitu kilichonikaa kichwani tangu mechi ya kwanza, na huku kwetu sikusikia mtu akikitaja, ni kwamba hizi timu zote mbili zilishawahi kuwa na staa mmoja huyohuyo na zote mbili zikamuuza. Paul George. Indiana walimtoa 2017 akaenda Oklahoma, Oklahoma wakamtoa 2019 akaenda Clippers ya Los Angeles. Yeye mwenyewe mpaka fainali hiyo inachezwa hajawahi kushika kombe, na waliomuuza ndo hao wanaligombania.

Sasa kila ikitokea treidi kubwa, yaani timu kubadilishana wachezaji, huku barazani utasikia wimbo mmoja tu, timu imekwisha, imejichimbia kaburi, haitainuka. Si uongo wote, ziko timu zilizokufa kweli na ntazitaja. Ila mimi nasema hivi: kumuuza staa peke yake hakuui timu, kinachoua ni pupa ya kuziba lile pengo na jina lingine kubwa kabla msimu haujaanza ili mashabiki wasipige kelele. Wale wanaokubali kukaa na pengo lao, wakachukua vijana wasiojulikana na piki za miaka ya mbele (piki ntazieleza), wakavumilia kutukanwa, hao mara nyingi ndo unakuja kuwaona juu. Si kila mara, msininukuu vibaya.

Kwanza nieleze kidogo kwa wale waliozoea mpira wa miguu, manake pale staa akiuzwa klabu inapokea hela, inaingia sokoni inanunua mwingine. NBA sivyo. Pale ni mtu kwa mtu, na mishahara ya wanaotoka na wanaoingia lazima ikaribiane kwa sheria za ligi, ndo maana utaona kwenye listi ya treidi kuna mzee fulani ambaye hata hachezi, yule kawekwa mizani ikae sawa. Alafu kuna piki. Kila mwaka ligi inafanya drafti, vijana wapya wanachaguliwa, na timu zilizofanya vibaya ndo zinachagua mapema. Nafasi yako ya kuchagua unaweza kuiuza, hata ya miaka mitano mbele. Ni kama tajiri wa samaki anayempa nahodha pesa kabla chombo hakijatoka, ananunua kitu ambacho bado kiko baharini, tofauti ni kwamba huku ukishanunua unaanza kuombea yule aliyekuuzia mambo yake yaharibike, kwa sababu akifanya vibaya ile piki yake uliyonayo inapanda thamani. Na kuna kitu kingine kidogo watu hawakiangalii kabisa, haki ya kubadilishana nafasi, yaani mwaka fulani ukifika naangalia piki yako na yangu, iliyo bora naichukua mimi.

Turudi kwa Paul George. 2017 alishawaambia Indiana hatakaa mkataba ukiisha, kwa hiyo kila mtu anajua wamebanwa, na mtu aliyebanwa bei haipangi yeye. Wakapewa Victor Oladipo na Domantas Sabonis, watu wakacheka. Oladipo alikuwa ametoka kwenye msimu wa kawaida tu pale Oklahoma, Sabonis ndo kwanza kacheza mwaka mmoja. Msimu uliofuata Indiana wakashinda mechi 48 wakati mwaka wa mwisho na George walishinda 42, wakampeleka LeBron mpaka mechi ya saba raundi ya kwanza, Oladipo akapewa tuzo ya mchezaji aliyepanda zaidi. Hapo ungesema hadithi imeisha vizuri. Haikuisha, Januari 2019 Oladipo akaumia vibaya goti na hakurudi tena kuwa yule.

Ila angalia walivyofanya na mabaki. Oladipo wakamtoa 2021 wakapata Caris LeVert, LeVert wakamtoa 2022 kwa piki, na katika hizo piki moja ilikuwa ya 31, wakamchukua Andrew Nembhard. Wiki hiyohiyo ya Februari 2022 wakamtoa Sabonis, ambaye alikuwa kashakuwa ol-staa, yaani kati ya mastaa wanaochaguliwa kila mwaka, wakamchukua kijana wa Sacramento anaitwa Tyrese Haliburton. Nakumbuka wengi walisema Indiana wamefanya vizuri lakini hakuna aliyesema wanaenda fainali. Basi 2025 gadi wawili, yaani wale wanaopanga mchezo, walioanza fainali ni Haliburton na Nembhard, wote wawili ni uzao wa Paul George, mmoja kwa mama mmoja kwa baba. Na kama Haliburton asingekatika mshipa wa kisigino mwanzoni mwa ile mechi ya saba sijui leo tungekuwa tunaongea nini.

Upande wa pili ndo kabisa. Kiangazi cha 2019 Kawhi Leonard ametoka kuchukua kombe na Toronto, yuko huru, Clippers wanamtaka, na yeye akawaambia nakuja ila mniletee Paul George. Hapo sasa Sam Presti, meneja wa Oklahoma, kashika mpini, manake Clippers hawanunui mtu mmoja, wananunua wawili kwa mpigo, wakikosa mmoja wamekosa wote. Akawaambia leteni. Akapewa Danilo Gallinari, piki tano za raundi ya kwanza, haki ya kubadilishana nafasi mara mbili, na kijana wa mwaka mmoja tu kwenye ligi, mwembamba, Mkanada, Shai Gilgeous-Alexander. Siku chache baadae akamuuza na Russell Westbrook. Mwaka wa kwanza walicheza vizuri bado, walishinda 44 wakapoteza 28 wakiwa na Chris Paul. Alafu wakashuka makusudi kabisa, 22 kwa 50, mwaka unaofuata 24 kwa 58, na hapo ndo ninapowapa heshima, kwa sababu kukaa miaka miwili unafungwa na kila mtu huku una masanduku ya piki na hushawishiki kununua jina, hiyo roho wengi hawana. Moja ya piki za Clippers ikatoka namba 12 mwaka 2022, Jalen Williams, huyu aliyefunga pointi 40 mechi ya tano ya fainali. Msimu wa kombe walishinda 68 wakapoteza 14, Shai akawa mchezaji bora wa ligi. Clippers na wao hawakuambulia patupu, 2021 walifika fainali ya ukanda, hatua moja kabla ya fainali yenyewe, kwa mara ya kwanza katika historia yao, lakini 2024 Paul George akaondoka bure kwenda Philadelphia. Bure.

Kuna jamaa mwingine mnafaa kumjua, na huyu ni wetu kidogo. Masai Ujiri. Baba Mnaijeria, mama Mkenya, kakulia Zaria kule Naijeria. Februari 2011 ndo alikuwa anaiendesha Denver, staa wake Carmelo Anthony anataka kwenda New York na hataki kwingine, mkataba unaisha. Umebanwa kama alivyobanwa Indiana. Ujiri akawavuta Knicks, ndo hao wa New York, mpaka wakatoa karibu nusu ya kikosi, Gallinari huyuhuyu, Raymond Felton, Wilson Chandler, Timofey Mozgov, na piki, na haki moja ya kubadilishana nafasi ya mwaka 2016 ambayo siku hiyo hakuna aliyeijadili. Msimu wa 2012-13 Denver bila staa hata mmoja walishinda mechi 57. Walitolewa raundi ya kwanza na Golden State ya Curry kijana, George Karl akapewa tuzo ya kocha bora alafu akafukuzwa, hayo ni mambo ya NBA usiniulize.

Ujiri akaenda Toronto, na kitu cha kwanza alichofanya 2013 ni kuwauzia Knicks walewale Andrea Bargnani, na akachukua piki yao ya, ngoja, 2016. Mwaka huohuo. Kwa hiyo 2016 ikafika, Knicks wameshinda 32, Denver wameshinda 33, tofauti mechi moja tu, Denver wakasema sisi tunabadilishana, wakachukua ile namba 7, Toronto wakachukua iliyobaki namba 9, na Knicks wakakaa kwenye viti wanatazama. Namba 7 ndo Jamal Murray, akachukua kombe na Denver ya Jokić 2023, miaka kumi na mbili tangu Carmelo aondoke. Namba 9 ndo Jakob Poeltl, na Poeltl huyo 2018 akawa mmoja wa waliotolewa Toronto kumpata Kawhi, na Kawhi akawaletea kombe 2019. Nikikaa nikifikiria hii habari nacheka peke yangu wallahi. Mtu mmoja kauza kwa timu moja mara mbili akiwa na kofia mbili tofauti, na zile piki mbili zikaishia kwenye makombe mawili.

Wazee wetu hawazijui hizi za juzi lakini Kareem Abdul-Jabbar wanamjua, hata ambaye hajawahi kuona basketi, kwa ajili ya jina tu. Ami yangu akisikia natazama NBA swali lake la kwanza lazima liwe, "Yule Abduljabbar bado yuko?" Basi Kareem mwenyewe alitreidiwa. Aliomba kutoka Milwaukee, timu aliyoichukulia kombe 1971 na kuifikisha fainali 1974, na 1975 akaenda Lakers ya Los Angeles. Na Milwaukee walifanya nini? Walichukua vijana. Elmore Smith alikuwa senta wa kuweka hapo katikati, lakini Brian Winters alikuwa na mwaka mmoja kwenye ligi, na Dave Meyers na Junior Bridgeman walikuwa wametoka kuchaguliwa drafti ileile ya 1975. Mwaka wa kwanza bila Kareem wakashinda 38 wakapoteza 44, na mwaka wa mwisho wakiwa naye walishinda ngapi? 38, wakapoteza 44. Hesabu ileile. Kuanzia 1980 wakachukua ubingwa wa divisheni yao miaka saba mfululizo chini ya Don Nelson. Kombe hawakupata, kombe lilisubiri mpaka Giannis 2021, na Lakers na Kareem wakachukua matano miaka ya themanini, kwa hiyo ukiniambia Milwaukee walishindwa sitabishana sana. Lakini hawakufa. Na yule Bridgeman, alipostaafu aliingia biashara ya mahoteli ya vyakula vya haraka akatajirika vibaya, 2024 akanunua hisa za Milwaukee yenyewe, akafariki Machi 2025. Yaani aliyekuja kama chenji akamalizia mmoja wa wenye timu.

Mwaka wa kwanza unadanganya, hilo nalisisitiza. Unaweza kudanganya kwa kukutisha, na unaweza kudanganya kwa kukubembeleza. Philadelphia 1968 walimtoa Wilt Chamberlain kwenda Lakers wakapewa Archie Clark, Darrall Imhoff na Jerry Chambers. Msimu uliofuata walishinda mechi 55! Ungekuwepo ungesema Wilt hatumhitaji. Miaka minne baadae, 1972-73, wakashinda 9 wakapoteza 73, mpaka leo hakuna aliyepoteza mechi nyingi hivo kwa msimu mmoja. Alafu Houston 1982 wakamtoa Moses Malone, mchezaji bora wa ligi aliyepo, kwenda Philadelphia hiyohiyo, wakapewa Caldwell Jones na piki. Houston wakashinda 14 tu. Aibu. Philadelphia wakachukua kombe papo hapo 1983. Lakini zamani hizo piki ya kwanza ilikuwa inaamuliwa kwa kurusha sarafu kati ya timu mbili, ya mwisho ya kila ukanda, Houston wakashinda sarafu 1983 wakamchukua Ralph Sampson, wakashinda tena 1984 wakamchukua Hakeem Olajuwon, na 1986 wako fainali. Hakeem huyohuyo aliyefunga Ramadhani ya 1995 huku anacheza na mwezi huo akapewa mchezaji bora wa mwezi. Sasa hapo sisemi Houston walikuwa na akili, walikuwa na sarafu.

Na wengine ni hasara tupu, nipite haraka. Toronto walimtoa Vince Carter Desemba 2004 na jina kubwa walilopokea lilikuwa Alonzo Mourning, ambaye hakuvaa jezi yao hata dakika moja, wakamlipa aende zake. Philadelphia walimtoa Charles Barkley 1992, akawa mchezaji bora wa ligi Phoenix msimu wake wa kwanza tu, wao wakashinda 26 na hawakuona mechi za mtoano mpaka Iverson akaja akakua. Utah waliwatoa Gobert na Mitchell 2022, wakarundika piki mpaka basi, msimu wa 2024-25 wakashinda 17, mpaka hapo walikuwa bado jikoni.

Ile ya Minnesota ndo inayopiga msimamo wangu usoni, siwezi kuiruka. 2007 walimtoa Kevin Garnett kwenda Boston, na walifanya kama ninavyohubiri mimi, walichukua vijana, Al Jefferson, Gerald Green, Ryan Gomes, Telfair, na piki. Boston wakachukua kombe 2008. Minnesota wakashinda 22, na mtoano hawakuurudia mpaka 2018. Sasa vipi? Jibu langu ni kwamba piki haijichagui. 2009 walikuwa na namba 5 na namba 6 mfululizo, wakachukua gadi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Unaweza kupewa mali yote duniani, kama aliyekaa kwenye kiti haoni, haoni.

San Antonio nao 2018, Kawhi aligoma kiaina, msimu mzima kacheza mechi 9, wanataka kumtoa. Walikuwa na nafasi ya kuanza upya. Lakini ile ni nyumba yenye heshima yake, miaka ishirini na kitu hawakosi mtoano, wakaona aibu kushuka, wakachukua jina kwa jina, DeMar DeRozan, na Poeltl, na piki moja ya mwisho mwisho. Mwaka wa kwanza wakashinda 48, heshima ikalindwa. 2020 wakakosa mtoano, msururu wa misimu 22 ukakatika, 2021 DeRozan akaondoka. Walichonunua ni mwaka mmoja wa kutoona aibu. Staa wao Wembanyama alikuja kwa bahati nasibu ya 2023, ile ya kuamua timu gani dhaifu ichague kwanza kwenye drafti, hakuja kwa Kawhi, msichanganye.

Hii ya kuziba umbo kwa umbo naijua tangu shule. Tulikuwa na kijana mmoja mrefu ajabu, anasimama chini ya ringi anachukua kila kitu, shule moja ya Mombasa ikamchukua kwa ahadi ya karo, na sisi tukabaki na viatu vyetu. Waliobaki wote ni wafupi lakini mbio tunazo, wengine wanaupiga mpira chini huku wanakimbia huwezi kuwashika. Mwalimu wa michezo badala ya kutuachia tukimbie akazunguka madarasa yote anatafuta mrefu mwingine. Akampata. Kijana wa watu hata hapendi basketi, mambo yake ni mashairi na kasida, akasimamishwa chini ya ringi, mpira ukija anaukwepa. Tulifungwa na kila shule, na kila tukifungwa mwalimu anasema tatizo urefu.

Sasa Luka. Manake najua ndo mlichokuwa mnangoja.

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, saa mbili asubuhi kwa saa zetu, watu wako kwenye mahamri na mbaazi, simu inasema Dallas wamemtoa Luka Dončić kwenda Lakers. Mimi kama watu wengi nikajua akaunti ya yule mwandishi Shams Charania imedukuliwa. Luka ana miaka 25, miezi minane iliyopita kaifikisha timu fainali, msimu uliotangulia kaongoza ligi nzima kwa kufunga. Hakuomba kuondoka. Hilo ndo linaloitenga hii treidi na nyingi nilizotaja juu, George aliomba, Carmelo aliomba, Kareem aliomba, Kawhi aligoma. Luka alikuwa anatafuta nyumba Dallas.

Na walichochukua ni Anthony Davis wa miaka 31, Max Christie, na piki moja ya raundi ya kwanza ya Lakers, ya 2029. Moja! Clippers walitoa tano kwa Paul George. Nico Harrison, meneja aliyeifanya, alisema anataka ulinzi, kwamba ulinzi ndo unachukua makombe, na nyuma ya pazia ilikuwa wanaogopa kumpa Luka ule mkataba wa zaidi ya dola milioni 340 kwa sababu ya mwili wake na mazoezi yake. Sawa, unaweza kuogopa, hela ni zako. Lakini kwa habari zilizotoka baadae alizungumza na Lakers tu, kimya kimya, hakuwapigia timu nyingine kuuliza nyinyi mtanipa nini. Huku kwetu mtu akiuza punda mzee anauliza nyumba tatu kwanza. Ami alipoelezwa hilo aliweka dhumna chini akauliza, "Kwani alikuwa anakimbizwa na nani?" Na hilo ndo swali, kwa sababu hakukuwa na anayemkimbiza.

Davis mechi yake ya kwanza akafunga 26, ribaundi 16, kabla haijaisha akaumia akakaa nje wiki kadhaa. Mapema Machi, Ramadhani ndo imeanza, tuko kwenye daku, Kyrie Irving, staa mwingine wa Dallas, goti likakatika, akapiga zile penalti zake mbili huku analia akatoka. Uwanjani kila mechi mashabiki wanaimba Harrison afukuzwe. Aprili Luka akarudi Dallas na jezi ya Lakers, wakamwekea video ya kumuaga akalia kwenye benchi mbele ya watu, alafu akaingia akafunga 45. Msimu ukaisha 39 kwa 43, wakatolewa na Memphis kabla ya mtoano wenyewe. Hiyo ndo timu iliyokuwa fainali mwaka uliotangulia. Jina kwa jina, na jina lenyewe limezidi umri kwa miaka sita.

Alafu Mei ikafika bahati nasibu ya drafti, Dallas wana asilimia 1.8 ya kupata nafasi ya kwanza, na wakapata. Cooper Flagg, kijana wa Duke ambaye kila timu ilikuwa inamuota mwaka mzima. Novemba, timu iko 3 kwa 8, Harrison akafukuzwa.

Hapa ndo tunapogombana mimi na ami mpaka leo. Yeye anasema unaona, Dallas wamefidiwa, wameuza staa wakapewa staa, kwa hiyo treidi ilikuwa na kheri yake. Mimi nikamwambia la, ami, Flagg hakuwemo kwenye bei, huwezi kuweka kwenye hesabu ya duka kitu ulichookota njiani ukirudi nyumbani. Indiana walimpata Haliburton kwa mkono wao, Oklahoma walimdai Shai kwa jina lake mezani, Ujiri aliiandika ile haki ya 2016 kwenye karatasi. Dallas wamenusurika. Bora wangemuuza Luka kama lazima wamuuze, lakini wapige simu kumi, waombe vijana wawili na piki zote mpaka 2031, wangepata, kila timu kwenye ligi ingefungua kabati.

Ami akasema asilimia 1.8 kwa Mola ni nyingi, mwanangu.

Nikamwambia sawa, ami, lakini si Mola aliyemwambia Harrison akubali piki moja.